Masisi na Walikale: Gari la wagonjwa limefika, nani atalipa mazutu?

Wanaume wanne wanabeba, wanne wengine wanafuata nyuma wakisubiri zamu. Mabegani mwao kuna miti miwili iliyofungwa blanketi, na ndani ya blanketi amelala mama aliyeanza uchungu tangu jana jioni. Hicho ndicho kipoyi. Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, ndilo gari la wagonjwa pekee linalofika kila kijiji. Halinywi mazutu, halikwami kwenye tope, na halisubiri karatasi za forodha.

Enzi ya Wabelgiji kipoyi kilikuwa cha kumbebea mkubwa wa serikali asichafue viatu. Siku hizi wanaobebwa ni mama wajawazito, watoto wenye malaria kali na watu waliopigwa risasi.

Kipoyi kinafika kwenye kituo cha afya. Muuguzi anampima mama, anaona mtoto amelala vibaya, na hapo yeye mwenyewe amefika mwisho wa uwezo wake, kwa sababu upasuaji haufanyiki kituoni. Unafanyika hospitali kuu ya rufaa, ambayo inaweza kuwa kilomita 15 kutoka hapo au 80. Maswali yanaanza: gari lipo? Lina mafuta? Daraja la magogo lililobebwa na mvua ya juzi limetengenezwa? Na leo nani ameshika kizuizi cha barabarani?

Wataalamu wa afya ya uzazi wana jina la jambo hili. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama anayekufa kwa uzazi huwa amecheleweshwa mara tatu: kwanza kuamua kwenda hospitali, pili kufika, tatu kuhudumiwa akishafika. Masisi na Walikale kucheleweshwa kwa pili ndiko kunakozungumzwa zaidi, na dawa inayotajwa haraka ni moja: nunua gari. Ni dawa nzuri. Shida ni kwamba kununua ndiyo sehemu rahisi.

Milima huku, msitu kule

Kwenye ramani maeneo haya mawili ni majirani, lakini dereva anayejua moja hajui lingine. Masisi ina kilomita za mraba 4,734, karibu zote vilima, malisho ya ng'ombe na vijiji vilivyobandikwa kwenye miteremko. Kutoka Goma unapita Sake, unapanda kuelekea Mushaki, unapita Katale na Lushebere, ndipo unaingia Masisi-centre. Ni kama kilomita 80 tu. Kiangazi ni safari ya saa kadhaa. Masika hakuna anayethubutu kutaja saa ya kufika, maana udongo wa mlimani ukilowa huwa kama sabuni.

Ukivuka Nyabiondo na kuteremka upande wa Walikale, milima inakwisha na msitu unaanza. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, yaani karibu sehemu mbili kati ya tano za mkoa mzima zimebaki kwake peke yake. Kwa lugha nyepesi, katika kila kilomita 5 za mraba za Kivu Kaskazini, 2 ni za Walikale. Inakaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda. Shida ya huko ni maji kuliko mteremko: mto Lowa na vijito vyake, madaraja ya magogo, na madimbwi ambayo lori la mzigo likizama leo, kesho yake magari yote yaliyo nyuma yanalala hapohapo.

Maeneo haya yamegawanywa katika zoni za afya, kila moja na hospitali yake kuu na mganga mkuu wa zoni. Upande wa Masisi kuna zoni za Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Upande wa Walikale kuna Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Ni zoni nane, na katika nyingi kati ya hizo gari linalotembea ni la shirika lisilo la kiserikali au limeachwa na shirika. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, limekuwa likisaidia hospitali ya Masisi tangu 2007, na pia limefanya kazi Mweso na Walikale. Kwa wakazi wengi, gari jeupe lenye nembo yake ndilo picha ya kwanza inayokuja kichwani ukisema ambulansi.

Kwa nini ni Land Cruiser, na kwa nini ni ileile ya zamani

Mgeni akiona magari ya mashirika mjini Goma hushangaa kwamba mengi yanafanana. Si bahati mbaya. Gari lililozoeleka kwa kazi hii ni Toyota Land Cruiser HZJ78, ile ndefu yenye mlango wa nyuma, na mengi hununuliwa kupitia kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings iliyoko Gibraltar, ambayo biashara yake ni kuyauzia Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Magari huko hutolewa yakiwa yamekwisha geuzwa: hili la abiria, lile la mizigo, lile la wagonjwa.

Siri ya gari hili iko chini ya boneti. Injini yake ya dizeli, 1HZ, ni ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta. Haina mbio. Lakini fundi wa Masisi anaweza kuifungua chini ya mti, akasafisha, akairudisha na ikawaka. Injini za kisasa zenye pampu za msukumo mkubwa na vihisio kila kona hutumia mafuta kidogo na hutoa moshi kidogo, ila zinataka dizeli safi, na zikigoma zinataka fundi mwenye kompyuta. Walikale mazutu hufika kwenye pipa la lita 200 ambalo limefunguliwa mara tatu njiani, na maji yake kidogo chini. Anayechagua gari kwa kusoma matangazo ya wauzaji bila kuuliza mafuta yatatoka wapi, amenunua pambo la uwanja wa hospitali.

Ndani, gari la wagonjwa la nchi hii halifanani na yale ya kwenye filamu. Kuna machela upande mmoja, juu ya reli, na benchi upande wa pili kwa muuguzi na mlinzi wa mgonjwa, maana ndugu lazima aende: nani atapika hospitalini? Kuna mtungi wa oksijeni uliofungwa kwa mikanda miwili, kwa sababu mkanda mmoja ukikatika kwenye shimo mtungi huo ni kombora. Kuna ndoano za kutundikia dripu, taa nyeupe ya ndani, sakafu ya plastiki inayooshwa kwa maji na klorini. King'ora kipo, lakini nje ya Goma hakina kazi; barabarani ng'ombe hawakijui, na penye watu wenye silaha kelele si jambo la busara.

Kuna jambo ambalo wanaoagiza magari wakiwa ofisini hulisahau. Springi za nyuma za gari hili zimetengenezwa kubeba mzigo mzito. Likiwa na mgonjwa mmoja na muuguzi mmoja, ni kama tupu, na gari tupu linaruka. Mtu aliyevunjika paja anasikia kila jiwe kutoka Nyabiondo hadi Masisi. Ndiyo maana godoro zuri la machela, mikanda inayobana vizuri na dereva anayejua kwenda polepole ni vifaa vya tiba sawasawa na oksijeni. Dereva hasa. Kwenye bajeti huandikwa mstari wa mwisho.

Nje kuna bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa hadi paani ili injini isinywe maji kwenye vijito, winchi mbele, matairi ya tope, tairi za spea mbili badala ya moja, jeki ndefu, koleo, mnyororo na mbao za kuweka chini ya gurudumu. Wengine bado wanapenda rimu za zamani zenye tyubu za ndani, kwa sababu tyubu inazibwa na kijana yeyote mwenye kiraka na pampu. Na kwenye vioo vya magari ya mashirika kuna kile kibandiko ambacho kila mtoto wa Kivu anakitambua: bunduki ndani ya duara jekundu, imepigwa mstari. Maana yake ndani ya gari hili silaha haziingii, ya askari wala ya mwingine yeyote. Kibandiko hakigharimu kitu na pengine ndicho kifaa kilichookoa watu wengi kuliko winchi, ingawa si kila siku kinaheshimiwa.

Kilomita 150,000 za wapi?

Katika mashirika makubwa ya kimataifa, kanuni iliyozoeleka kwa magari ya aina hii ni kuyabadilisha yakifikisha miaka 5 au kilomita 150,000, lolote litakalotangulia. Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu lilienda mbali zaidi: tangu 1997 lina mpango wa kuyakodisha magari kwa matawi yake, ili gari likichoka lirudishwe na jingine lije, bila kila ofisi kuhangaika kununua na kuuza peke yake.

Kanuni hiyo ni nzuri kwenye meza ya hesabu. Lakini kilomita za lami ya Kampala si kilomita za Mweso. Huku gari hupanda kwa gia ya kwanza na ya pili saa nzima, injini ikiunguruma na mita ya kilomita haisogei. Klachi inaisha, shokomzoba zinapasuka, bushi zinalegea, na gari lenye kilomita 60,000 linaweza kuwa mzee kuliko la Goma mjini lenye mara mbili ya hizo. Anayeamini mita peke yake atalibadilisha limeshamwacha mtu njiani.

Hilo ni kwa shirika lenye kanuni. Zoni ya afya mara nyingi haina kanuni, kwa sababu haikununua gari, ilipewa. Sherehe ilifanyika, funguo zikakabidhiwa mbele ya kamera, jina la mfadhili likaandikwa mlangoni kwa herufi zinazosomeka kutoka mlima wa pili. Katika hotuba zote hakuna aliyetaja mshahara wa dereva, tairi za mwaka wa pili wala chujio la mafuta. Vituo vingi vya afya nchini Kongo vinaishi kwa pesa ambayo wagonjwa wenyewe wanalipa. Basi gari linapoitwa, familia huulizwa kama ina pesa za mazutu. Familia iliyotoka kuuza mbuzi ili ilipe upasuaji haina mbuzi wa pili.

Gari la namna hiyo hufuata njia moja. Mwaka wa kwanza linabeba wagonjwa. Mwaka wa pili linabeba pia chanjo, wakubwa wa mikutano na maiti. Mwaka wa tatu linasimama kwa kukosa kifaa cha dola 40. Mwaka wa nne limekuwa ghala la vipuri vya gari jingine, na majani yanaota kwenye magurudumu. Kisha mtu anaandika ripoti kwamba zoni haina gari la wagonjwa, na mfadhili mpya anatafutwa.

Nchini Gambia walijaribu njia nyingine. Mwaka 2009 wizara ya afya ya huko iliingia mkataba na shirika la Riders for Health: magari na pikipiki ni ya shirika, wizara inalipa kwa kila kilomita inayotembea, na ndani ya bei hiyo mna mafuta, matengenezo, na fungu la kununulia gari jingine hili litakapochoka. Kwa mpango huo gari linaanza kujilipia mrithi wake siku ileile linapoanza kazi. Gambia ni nchi ndogo, tambarare na yenye amani, na Masisi si yoyote kati ya hayo. Lakini hesabu ya bei kwa kilomita haihitaji amani, inahitaji daftari.

Pikipiki inakwenda pale gari linapoishia

Tangu zamani wakazi wa Kivu hawakusubiri Gibraltar. Wana chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma imeijengea sanamu, na ikibidi hubeba mgonjwa kuteremka mlima. Wana wamotari, vijana wa pikipiki za TVS wanaojua kila njia ya mguu. Mgonjwa anakaa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma akimkumbatia asianguke. Si picha nzuri, na kwa mama anayevuja damu ni hatari. Lakini inafika.

Kuna pikipiki zilizotengenezwa kwa kazi hii, zenye machela pembeni juu ya gurudumu la tatu. Malawi walizipima. Katika wilaya ya Mangochi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya afya vya mbali vilipewa pikipiki hizo na watafiti wakahesabu. Muda wa kumfikisha mama hospitali ulipungua kwa saa 2 hadi 4 na nusu, kutegemea kituo. Bei ya kununua pikipiki moja ilikuwa ndogo mara 19 kuliko ya gari la wagonjwa, na gharama ya kuiendesha kwa mwaka ilikuwa dola 508, karibu mara 24 chini ya gari.

Mganga mkuu wa zoni akisoma namba hizo lazima ajiulize: kwa bei ya gari moja jipya, je, si bora kila kituo cha afya kiwe na pikipiki yake? Jibu la Masisi si lilelile la Walikale. Mashine ya magurudumu matatu inataka njia pana kidogo; kwenye kijinjia cha mlimani Katoyi, kilicho na upana wa miguu miwili, gurudumu la pembeni linaning'inia hewani. Kwenye barabara ya msitu inayotoka Walikale, iliyo tambarare lakini yenye mashimo ya maji, inaweza kufanya kazi miezi kadhaa kwa mwaka. Kwa hiyo mnyororo wa kweli wa rufaa hapa ni wa vipande: kipoyi hadi kituoni, pikipiki hadi barabara kubwa, gari hadi hospitali. Kununua kipande kimoja na kusahau viwili ndiko kunakofanya gari zuri lisubiri mgonjwa ambaye hajafika.

Na kuna njia ya kupunguza haja ya gari lenyewe. Hospitali ya Masisi ina nyumba ya kusubiria kujifungua, ambako mama mwenye mimba ya hatari anakuja wiki kadhaa kabla ya tarehe yake, anaishi karibu na chumba cha upasuaji, na uchungu ukianza anatembea hatua chache tu. Hakuna sherehe ya kukabidhi funguo kwa jambo kama hilo, na labda ndiyo sababu halipigwi picha sana.

Gari lisilo na simu

Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia katika vijiji 13 vya Walikale kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwamo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, umbali wa kama kilomita 30. Siku nne zilipita, na msaada wa tiba ulifika baada ya washambuliaji kuondoka. Vijiji havikuwa na mtandao wa simu wala redio ya kupiga mayowe yasikike ng'ambo ya msitu. Baada ya hapo MONUSCO ilianza kupanua mitandao ya tahadhari ya jamii, kwa simu na redio, ili kijiji kiweze kuita.

Ndiyo maana katika magari ya dharura ya eneo hili antena ndefu ya mbele ina thamani kuliko rangi. Redio ya mawimbi mafupi hufika mamia ya kilomita bila mnara wowote. Kwenye kila kituo kikubwa kuna chumba cha redio, na ndicho makao makuu ya dharura, hata kama ni meza moja, betri mbili za sola na mtu mmoja mwenye sauti ya kuchoka. Gari likitoka, dereva anataja idadi ya watu walio ndani. Akifika kijiji kilichokubaliwa anaita tena. Asipoita kwa saa iliyopangwa, chumba cha redio kinaanza kumtafuta, na hakuna gari jingine linaloruhusiwa kuingia barabara hiyo mpaka ijulikane kuna nini.

Miji mikubwa ya ulaya hununua malori maalumu yenye skrini na meza za ramani kwa ajili ya wakuu wa dharura. Huku gari la kuongozea dharura ni Land Cruiser ileile, yenye redio mbili badala ya moja, betri ya ziada, na mtu anayejua namba ya kila kamanda kutoka Sake hadi Pinga. Huyo mtu wa mwisho hauzwi Gibraltar.

Ebola ilionyesha upande mwingine. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020 ulikuwa na wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Agosti 2019 ulifika hadi zoni ya Pinga. Kwa karibu miaka miwili barabara za Kivu Kaskazini zilijaa magari ya kukodi, yakilipwa kwa siku, na wakazi wakaipa kazi yote hiyo jina la biashara ya Ebola. Kukodi kuna faida yake: gari linapatikana kesho asubuhi, bila kusubiri meli. Lakini mlipuko ulipokwisha, gari la kukodi lilirudi kwa mwenyewe.

Vita ilipohamisha hospitali bila kuisogeza

Tarehe 4 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre. Mamia ya watu walikimbilia ndani ya hospitali na kwenye kituo cha MSF. Baadaye mwezi huo Sake ikaanguka, kisha Goma. Februari mfanyakazi mmoja wa MSF alipigwa risasi akiwa ndani ya kituo cha shirika hilo Masisi, na akafariki. Tarehe 19 Machi M23 waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Kwa anayepanga magari, matukio hayo yalibadilisha kila kitu bila kugusa boneti hata moja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Benki za Goma zilifungwa pia, na pesa taslimu ikaadimika. Mazutu na mishahara ya madereva hulipwa taslimu. Bunagana, mpaka na Uganda, ulikuwa mikononi mwa M23 tangu 13 Juni 2022. Gari lililoshushwa Mombasa au Dar es Salaam, kipuri kilichoagizwa, hata tairi, vyote vikawa na maswali mapya: kipite mpaka upi, na kodi kimlipe nani?

Mgonjwa naye alikuta mshale wa rufaa umegeuzwa. Tangu zamani mgonjwa mahututi wa Walikale alipelekwa mashariki, kwenye hospitali za Goma. Mstari wa mapigano ulipokaa katikati, njia iliyobaki wazi kwa wengi ilikuwa magharibi, kwa barabara ya taifa namba 3 kuelekea Lubutu na Kisangani, safari ndefu zaidi ndani ya msitu. Gari lilelile, dereva yuleyule, ila mahesabu yote ya mafuta na tairi yaliyoandikwa mwaka uliotangulia yakawa karatasi ya kufungia karanga.

Vizuizi navyo havikuanza juzi. Utafiti wa taasisi ya IPIS uliochapishwa mwishoni mwa 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kusini, vya majeshi, vya waasi na vya maofisa wa serikali. Gari la wagonjwa kwa sheria halilipi wala halipekuliwi ovyo. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1864 ulikwisha kulilinda, na azimio namba 2286 la Baraza la Usalama la 3 Mei 2016 likakumbusha. Kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili karibu na Nyabiondo, usiku, sheria hiyo inategemea kama kijana aliyeshika kamba anamjua dereva. Ndiyo sababu mashirika hayapendi kumhamisha dereva mwenyeji hovyo, na ndiyo sababu gari linalotolewa kwa zoni bila dereva anayejulikana pande zote linafika nusu.

Namba moja ya simu

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania iliamua kuacha kuhesabu magari na kuanza kuhesabu safari. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Shinyanga na Sengerema kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, unatumia namba ya bure 115. Mhudumu anapokea simu, anauliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana anampigia dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye analipwa kwa simu akishamfikisha mama. Gari la mtu binafsi linakuwa ambulansi kwa saa moja, kisha linarudi kubeba mihogo.

Masisi haina mtandao wa simu kila kijiji, na mpango wa taifa zima hauwezi kuvuka mstari wa mbele. Lakini kipande kimoja cha wazo hilo tayari kipo: wamotari wapo, wanajua njia, na wana simu. Kinachokosekana ni orodha, bei iliyokubaliwa, na mfuko mdogo wa kuwalipa bila familia kuulizwa mlangoni. Mfuko wa namna hiyo ungegharimu sehemu ndogo tu ya gari moja jeupe.

Kwa sasa, masika ikichanganya na mapigano, utaratibu unabaki ule unaoeleweka na wote. Gari linakwenda hadi daraja lililovunjika na kusimama. Dereva anazima injini kuokoa mazutu, anaacha redio ikisikika. Ng'ambo ya mto wanatokea wanaume wanane na kipoyi. Wanne wanaingia majini hadi kiunoni, miti wameinyanyua juu ya vichwa, na muuguzi anafungua mlango wa nyuma.